Mshale Kwenye Kumi na Mbili

Jumatatu, 16 Juni

Nimekasirika tangu alfajiri na sasa ni usiku. Shemeji Msafiri, mume wa dada Saleha, kaja naye kunywa chai yangu, kwenye baraza yangu, ili alitukane gari langu. Langu! Eti si langu, ni la mirathi. Eti mimi na dada Saleha ni warithi wawili, gari ni moja, na gari halikatwi mapande kama muwa. Amempata mnunuzi, bwana mmoja mwenye hoteli ufukweni, anayetaka kulisimamisha getini, ang'oe injini, apande maua kwenye boneti. Maua! Pijo ya marehemu baba, iliyompeleka Mombasa na kumrudisha Ngamiani mara sita, iwe chungu cha asumini!

Nilimwambia Msafiri maua akayapande kichwani kwake, nafasi ipo. Ana upara. Hakucheka.

Dada Saleha akaamua palepale, bila kuniuliza, kama anavyoniamulia tangu nina miaka mitano. Jumapili hii ni hitima ya baba kule Tongoni. Gari limbebe Maalim Sele, atakayesoma, pamoja na sufuria la pilau. Likifika bila kusukumwa, ni langu moja kwa moja, hatanidai tena. Likisukumwa hata hatua moja, Msafiri amwite mtu wake wa maua. Nilikubali kwa sauti kubwa ili majirani wasikie.

Tatizo ni kwamba gari linakohoa. Si sana, asubuhi tu, kama baba alivyokuwa akikohoa. Dada alikwisha kumleta fundi Ruthi kutoka Usagara, mwanamke wa makamo, mfupi, ananiita kaka Ayubu. Ruthi aliweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini sikioni, akafumba macho, kisha akasema plagi ni chafu. Nisafishe plagi, nisiguse kitu kingine. Akaondoka. Ndiyo hivyo tu! Gari la miaka hamsini na kitu, na ugonjwa wake ni uchafu? Nilijisikia kama mtu aliyekwenda hospitali na kuambiwa akanawe uso.

Lakini mimi ninao mpango. Mbarouk, yule Mpemba anayeuza vitu vya mitumba pale Ngamiani, alikuwa na kitu kwenye boksi lake ambacho hakuna fundi Tanga nzima anacho. Geji ya vakyumu. Kisahani cha kioo, mshale, na mpira mrefu. Unauchomeka kwenye manifodi, bomba la hewa lililo chini ya kabureta, na mshale unakwambia injini inavyonyonya hewa, na kwa kunyonya kwake unajua kila ugonjwa ilio nao. Mbarouk aliniapia. "Yakhe, hichi kinasema kweli kuliko mke."

Nimebadilishana naye kwa feni ya mke wangu Tabia. Juni hii nani anahitaji feni?

Jioni nilifungua boneti. Kitundu cha kuchomekea nilikiona, ila kilikuwa kimezibwa na kijiti cha ovyo, kimeviringishwa mpira wa tyubu ya baiskeli, kimejaa mafuta na vumbi. Uchafu mtupu. Nilikivuta kwa koleo na kukitupa kwa kuku. Mpira wa geji ulikuwa mpana kuliko kitundu, nikaufunga kwa kitambaa. Kesho tunaanza.

Jumanne, 17 Juni

Tabia ametafuta feni nyumba nzima. Nilipomweleza, aliniuliza kama nina akili: nimetoa kinachotoa upepo, nikaleta kinachopima ukosefu wa upepo. Mwanamke huyu alipewa jina la Tabia na wazazi wake wakadhani wamemaliza kazi ya kumlea.

Nimewasha gari saa mbili asubuhi. Mshale ulicheza, ukatulia kwenye kumi na mbili. Karatasi ya maelezo iliyokuja na geji ni ya Kiingereza, nimeisoma mwenyewe, sikuomba msaada wa mtu. Injini nzima inasoma kumi na saba mpaka ishirini na moja, mshale umetulia. Ikisoma kumi na mbili, basi kuna mahali inavuta hewa ya wizi.

Nilijua! Plagi chafu, eti!

Ajabu ni kwamba jana gari lilikuwa linakohoa asubuhi tu, leo limekohoa mpaka saa sita. Ugonjwa unakua haraka, na bila geji nisingejua. Nimetafuta penye tundu kutwa nzima. Nimemwagia maji ya sabuni kila kiungo nione povu. Nimekaza kila nati, moja imekatika. Nimechunguza kila mpira na kila gasketi. Pale nilipofunga geji tu ndipo sikupachunguza, kwa sababu pale nilifunga mimi mwenyewe.

Ruthi alipita na baiskeli akielekea sokoni. Alisimama, akasikiliza kwa mbali, akauliza nimegusa nini. Nikamwambia sijagusa, napima. Akasema kabla ya kupima lilikuwa linalia vizuri zaidi. Wivu ni kitu kibaya. Anaona bisibisi yake imepitwa na wakati.

Jumatano, 18 Juni

Sitazungumza na watu wa mtaa huu tena. Nimeapa.

Leo asubuhi nilikaa barazani na wanywa kahawa, nikawaeleza kazi yangu kwa utaratibu, maana elimu haifichwi. Nikawaambia geji hii si kama ile ya kupimia upepo wa matairi. Hii inapima kwa inchi za zebaki. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye kisahani, sikutunga mimi.

Mmoja akaweka kikombe chini. Akaniuliza taratibu kama zebaki ninayo humu ndani.

Nilipaswa kusema hapana. Lakini alivyouliza! Kwa adabu, kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane. Nikasema zebaki ni mambo ya kitaalamu, si ya kuzungumzwa kwenye kahawa.

Mpaka alasiri mtaa mzima unajua kwamba Ayubu ana zebaki. Na kila mtu anajua wenye zebaki huwa wanafanya nini nayo: wanaitia majini. Bibi mmoja kabisha hodi kuuliza kama ninaweza kumrudishia mume aliyekwenda Pemba kuchuma karafuu mwaka wa tisini na nane. Mwanamume mwenye miwani myeusi alitaka kuiona tu, kuinusa tu. Mjumbe wa mtaa kaja na daftari. Watu wawili wamehama upande wa pili wa njia wasipite mbele ya nyumba, eti jini la zebaki linapenda kukaa kwenye vyuma vya zamani.

Msafiri ndiye aliyeongeza chumvi, nina hakika. Alipita mara tatu leo, kila mara akiniuliza kwa sauti kubwa jini linakula nini.

Gari sasa linazima likisimama. Mshale: kumi na mbili.

Alhamisi, 19 Juni

Pigo! Maalim Sele kaleta ujumbe kwamba hapandi gari la zebaki. Hitima atasoma, baba alikuwa rafiki yake, lakini atakwenda Tongoni kwa baiskeli ikibidi, na ana miaka sabini na minne. Dada Saleha kapiga simu. Alisema gari bila Maalim si sharti tulilowekeana. Akakata.

Nilikwenda madrasa na geji chini ya kikoi. Shikamoo yangu aliipokea kwa mbali, mkono akaushika kifuani. Nikamweleza kuwa zebaki ni jina la kipimo tu, kama pishi au wari, wala haimo ndani. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Ifungue, mwanangu, tuone sote."

Nikaifungua mbele yake na mbele ya darasa zima la juzuu ya Amma. Hakukuwa na zebaki. Kulikuwa na kimrija cha shaba kilichopinda, springi nyembamba na vimeno kama vya saa. Maalim alivisomea kwa tahadhari, akaridhika, akasema atapanda. Aliniambia niwe na subira, jina ninalo. Kila mtu Tanga ananiambia jina ninalo! Huyo Nabii Ayubu mwenyewe alijaribiwa kwa maradhi na msiba, hakujaribiwa kwa shemeji.

Nilipoifunga geji ilibaki skrubu moja. Ndogo sana, haiwezi kuwa ya maana.

Nimerudi nyumbani, nimeiweka mezani, na mshale unasoma kumi na mbili. Haijafungwa popote. Nimeikodolea macho muda mrefu. Mwisho nimeelewa kwamba chombo kizuri hukumbuka mgonjwa wake.

Ijumaa, 20 Juni

Baada ya sala nimeshusha kabureta yote. Karatasi inasema kama si hewa ya wizi basi huenda ni kabureta, au valvu, au taimingi ya cheche. Nimegusa vyote vitatu ili kusiwe na lawama. Vipande nilivipanga juu ya mkeka wa Tabia kwa mpangilio maalumu. Kuku walipita juu ya mpangilio.

Nimerudisha kila kitu. Gari haliwaki kabisa. Nimelipigia selfu mpaka betri imelegea. Nimelipiga teke, nimeumia kidole gumba, na sasa naandika mguu ukiwa ndani ya beseni. Nina hasira na gari, na baba aliyelinunua, na Mjarumani au nani aliyeibuni geji akaiandika zebaki wakati maneno mengine yapo.

Tabia alikaa kizingitini akinitazama. Nilitegemea aseme neno. Alinyoosha mkono akachukua simu, akampigia Ruthi, akazungumza naye kwa upole kama watu wanaopanga mazishi. Nimemwambia Ruthi akikanyaga hapa mimi nahama. Akaniuliza nihame na mguu upi.

Kesho kutwa ni hitima. Nimeota mchana, usingizini kwenye kiti, kwamba nafungua boneti na asumini inachanua.

Jumamosi, 21 Juni

Kaja. Sikuhama, kwa sababu ya mguu.

Ruthi hakuuliza chochote kwa saa mbili. Alirudisha kabureta sawasawa, akarekebisha taimingi, akasafisha zile plagi, akazirudisha. Injini ikawaka, lakini ikawa inakohoa na kupiga miluzi. Hapo ndipo alipong'oa mpira wa geji yangu, akautupa pembeni, akaweka kidole chake kwenye kitundu.

Injini ikatulia. Ikanguruma kwa sauti moja, laini, kama zamani tukiwa wadogo tumelala siti ya nyuma. Tabia alitoka jikoni na mwiko mkononi kusikiliza.

Ruthi akaondoa kidole, injini ikakohoa. Akarudisha, ikatulia. Alifanya hivyo mara tatu huku akinitazama machoni. Kisha akasema, "Hapa palikuwa na kizibo, kaka Ayubu. Kiko wapi?"

Nikamwambia hapakuwa na kizibo, palikuwa na uchafu. Hakubisha. Alitafuta kwenye mkoba wake, akapata boliti fupi, akaiviringisha mpira, akaigongea kwenye kitundu. Akasema boliti hiyo nisiiguse, nisiichomoe, nisiitazame. Alimwambia Tabia arudie maneno hayo kwangu kila nikiamka.

Sasa watasema Ruthi ndiye aliyelitengeneza! Mimi nilimwagia sabuni siku nzima, mimi nilisafisha kabureta, na nati zote zilizobaki zimekazwa na mimi. Yeye kaweka kidole, na sifa zote zimekwenda kwa kidole.

Jumapili, 22 Juni

Sina nguvu ya kuandika lakini lazima iandikwe, maana wataieleza kwa uongo.

Tuliondoka saa tatu asubuhi. Mimi usukani, Maalim Sele mbele akiwa na msahafu kwenye mfuko, dada Saleha na Msafiri nyuma, sufuria la pilau katikati yao, limefunikwa sinia na kufungwa kwa kanga. Dada alishika mwiko mkononi safari nzima, hamwamini mtu na pilau lake. Tabia alitangulia na jirani zetu. Gari lilikwenda. Wallahi lilikwenda! Halikukohoa hata mara moja. Watu walitugeukia njiani, na Maalim akasema ni kama kumwona marehemu.

Kisha Msafiri akasema, "Ruthi ana mkono."

Tulipokaribia Mwambani akarudia. Ruthi ana mkono, bwana. Mara ya tatu alisema labda angemwita Ruthi hata kwenye hoteli ile, amwagilie maua.

Nikasimamisha gari. Sharti lilikuwa kutosukumwa, kusimama hakukukatazwa. Geji nilikuwa nayo chini ya siti. Nilitaka jambo moja tu: Msafiri aone kwa macho yake mshale ukisimama ishirini, na ajue ni kazi ya wiki yangu nzima, si ya kidole cha dakika moja. Nikazima injini, nikafungua boneti, nikachomoa ile boliti na kuiweka juu ya sinia la pilau isipotee. Nikafunga mpira. Nikamwita Msafiri. Nikawasha.

Kumi na mbili. Injini ikapiga mluzi, ikakohoa, ikazima. Nikawasha tena, ikazima. Mara ya tano betri ikatoa sauti ya mtu anayekataa chakula, basi.

Nikaenda kuchukua boliti. Haikuwepo. Msafiri alikuwa amefunua sufuria kunusa pilau wakati mimi nahangaika na dada ananichungulia dirishani, na sinia lilikuwa limeinama. Anasema hakuona boliti yoyote. Kabla sijamkamata shati alikwishazunguka nyuma ya gari, akaweka mikono miwili kwenye buti, akasukuma. Hakuna aliyemwomba! Gari likasogea, na yeye akahesabu hatua kwa sauti: moja, mbili, tatu.

Nilikaa chini kwenye mchanga. Sikuwa na hasira hata kidogo kwa muda huo, na jambo hilo lilinitisha.

Dada Saleha alishuka. Alikiinamia kile kitundu. Akaniuliza kijiti cha baba kiko wapi.

Nikauliza kijiti gani. Akasema kile cha mpini wa mwiko. Nilikuwa sijazaliwa, yeye ana miaka tisa, wanakwenda Tongoni kwenye hitima ya babu, na gari likafa hapahapa Mwambani kwa sababu kizibo cha kiwandani kilidondoka njiani. Baba akachukua mwiko wa mama, akaukata mpini kwa kisu cha kachumbari, akaviringisha mpira. Dada ndiye aliyeushika mwiko huku baba akikata. Mama hakusema na baba mpaka Idi. Kijiti hicho kikakaa pale miaka yote, na baba akifungua boneti alikuwa anakigusa kwanza, anacheka.

Nikamwambia nilikitupa kwa kuku.

Nilijisikia vibaya. Kazi ya mkono wa baba, nimeishika kwa koleo, nimeiita uchafu. Nilitaka kulia, na labda nililia kidogo. Halafu hasira ikarudi, namshukuru Mungu, maana kwa nini hakuna aliyeniambia? Kwa nini kila kitu cha maana katika ukoo huu anaambiwa Saleha?

Dada akarudi kwenye siti kuchukua kisu. Alikata mpini wa mwiko wake kwa kisu cha kachumbari, akachana ukingo wa ule mpira wa geji yangu, akauviringisha, akaugongea kwenye kitundu kwa jiwe. Nilikuwa nimerudi kwenye usukani, akaja mlangoni kwangu.

"Sogea."

Kumbe anajua kuendesha! Baba alimfundisha kwenye gari hilihili. Msafiri akaambiwa asukume tena, maana anapenda, akasukuma mpaka jasho likamwagika kwenye upara, gari likawaka. Nilikwenda Tongoni nyuma, nimekumbatia sufuria la pilau. Gari lilinguruma vilevile kama zamani, na kwenye siti ile ya nyuma nilisinzia.

Hitima ilisomwa vizuri. Boliti ilipatikana kwenye pilau la Maalim Sele. Aliitoa mdomoni, akaitazama, akasema alhamdulillahi zebaki imeganda.

Jumanne, 24 Juni

Hukumu imetolewa. Gari limesukumwa, kwa hiyo si langu. Lakini dada kasema halipandwi maua vilevile, na mtu wa hoteli atafute chungu. Gari ni lake, litakaa kwake Usagara, na boneti haifunguliwi na mtu yeyote isipokuwa Ruthi. Msafiri alipinga, akaulizwa boliti iliingiaje kwenye pilau, akajipangusa upara. Hilo tu ndilo lililonifurahisha wiki hii.

Leo jioni limepita mbele ya nyumba, dada kwenye usukani, Ruthi kando yake, wanacheka. Halikukohoa. Nilikaa ndani mpaka sauti ikaisha. Uani pamebaki alama nne za matairi na doa la mafuta, na Tabia amepiga ufagio kila mahali ila hapo.

Amefuata feni yake kwa Mbarouk. Ameipata kwa kumpa kabati langu la redio.

Alhamisi, 26 Juni

Nimefikiri siku mbili na nimeona kosa lilikuwa wapi. Kosa halikuwa kupima. Kosa lilikuwa kupima mbele ya watu wajinga. Chombo hakijawahi kusema uongo: siku zote kimesema kumi na mbili, hakikubadili kauli hata nilipokivunja. Watu wangapi mtaa huu wana msimamo kama huo?

Leo nilikwenda kutawadha kwa ajili ya alasiri. Ile pampu ya petroli ya msikiti, inayopandisha maji kwenye tangi, ilikuwa inafanya kazi, lakini mimi nina sikio sasa. Nilisikia kitu. Si kikohozi hasa, ni nia ya kukohoa. Hakuna mwingine aliyesikia. Maalim Sele alisema pampu ni nzima, ina miaka kumi na moja haijawahi kuwasumbua, niache.

Watu walipoondoka nilirudi na geji. Nimekata ule mpira sehemu iliyochanwa, umebaki mfupi lakini unatosha. Nimekagua pampu yote kwa utaratibu, na ubavuni, chini ya kabureta, nimekuta kijiti cha ovyo kimefungwa kwa kitambaa na gundi, kimejaa mafuta. Uchafu mtupu! Miaka kumi na moja na hakuna aliyejali kukitoa.

Nimekitupa ng'ambo ya ukuta, baharini ni mbali. Nimefunga geji. Mshale umesimama kumi na mbili.

Nilijua tu. Kesho ni Ijumaa, watu watakuwa wengi pale kwenye mabomba. Watanishukuru.